Seva Ughaibuni, Msomaji Nyumbani: Makao ya Maandishi ya Kiswahili Mtandaoni na Mifumo Endeshi Iliyoyabeba, 1994–2024

Maandishi ya Kiswahili yaliyomo mtandaoni yamezoeleka kuchunguzwa kwa upande wa lugha, msamiati na wasomaji wake. Makao yake hayapewi uzito huo. Kila ukurasa unaosomwa huko Tanga au Kisumu umehifadhiwa katika mashine fulani, katika chumba fulani, chini ya sheria za nchi fulani, na mashine hiyo inaongozwa na mfumo endeshi ambao mtu fulani aliuchagua, au alidhani ameuchagua.

Vitabu vya kiada vya TEHAMA hufundisha kwamba mwenye tovuti huanza kwa kuorodhesha mahitaji yake, kisha huteua mfumo endeshi unaoyafaa, na mwishowe hutafuta kampuni ya kumpangishia seva yenye mfumo huo. Makala haya yanatetea hoja kwamba katika Afrika Mashariki mpangilio huo ulikwenda kinyumenyume. Njia ya mawasiliano ya kimataifa ndiyo iliyoamua mahali pa seva, mahali pakaamua kampuni, na kampuni ikaamua mfumo endeshi. Uchaguzi wenyewe ulianza kuwa uchaguzi baada ya mwaka 2009, na hata hapo ulikuta mazoea yamekwisha kujengeka.

Makao ya awali

Seva ya kwanza ya wavuti iliwashwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN mwishoni mwa mwaka 1990, juu ya kompyuta ya NeXT. Mfumo endeshi wa kompyuta hiyo ulikuwa wa jamii ya Unix, na kwa miaka kadhaa iliyofuata seva nyingi za wavuti zilikuwa za ukoo huohuo. Sababu yake haikuwa ubora peke yake. Vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani tayari vilikuwa na mashine za Unix zilizounganishwa na intaneti usiku na mchana, na mtafiti aliyepewa akaunti katika mashine hizo alikuwa amepata seva bila kuiomba.

Hii ndiyo sababu makao ya mwanzo ya Kiswahili mtandaoni yalikuwa mbali na waswahili wenyewe. Mradi wa Kamusi, ulioanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale katikati ya miaka ya 1990, uliiweka kamusi hai ya Kiswahili na Kiingereza katika seva za jimbo la Connecticut. Kongoo la Kiswahili lililojengwa na Arvi Hurskainen lilikaa Helsinki, na kanzidata ya miswada ya Kiswahili ikawekwa katika taasisi ya SOAS jijini London. Katika kila hali mwenyeji alikuwa chuo, kodi ilikuwa hisani, na mfumo endeshi ulikuwa ule uliokutwa hapo.

Kiswahili kilifaidika kwa jambo moja ambalo halitajwi sana. Tahajia yake sanifu ya herufi za Kilatini haina hata herufi moja iliyo nje ya seti ya ASCII, ilhali Kiamhari na Kiarabu vililazimika kusubiri viwango vya usimbaji vikomae kabla ya kuonekana sawasawa kwenye kila kivinjari. Tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu ziliingia mtandaoni kwa kiasi kikubwa kama picha. Lakini maandishi ya Kilatini yaliweza kuhamishwa kutoka mfumo endeshi mmoja hadi mwingine bila kuharibika, na hilo liliwaondolea waandishi wa Kiswahili kigezo kimoja ambacho wengine walilazimika kukizingatia.

Hisani ina udhaifu wake. Mtafiti akihama chuo, au idara ikibadili vipaumbele, mashine huzimwa. Mradi wa Kamusi haukubaki Yale. Baadaye uliendeshwa chini ya shirika lisilotafuta faida na kuhamia makao mengine. Kwa mtafiti wa leo, anwani zilizotajwa katika tanbihi za tasnifu za miaka ile ni ushahidi tosha: nyingi hazifunguki, si kwa sababu maandishi yalikanushwa, bali kwa sababu aliyekuwa akilipa umeme aliacha kulipa.

Njia ya angani na bei yake

Kwa nini seva hizo hazikuwekwa Dar es Salaam au Nairobi? Jibu la haraka ni uhaba wa wataalamu, na ni jibu lisilotosheleza. Watoa huduma wa intaneti wa miaka ya 1990 katika miji hiyo walikuwa na mafundi hodari walioendesha seva za barua pepe kwa vifaa duni. Jibu lenye uzito zaidi ni setilaiti.

Kabla ya mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa imeunganishwa na mkongo wowote wa nyuzi za kioo upitao chini ya bahari. Mawasiliano yote ya kimataifa ya intaneti yalipanda angani hadi kwenye setilaiti zilizo umbali wa takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta, kisha yakateremka Ulaya au Marekani. Ishara hutumia karibu robo ya sekunde kupanda na kushuka. Ombi na jibu lake kwa pamoja hutumia karibu nusu ya sekunde, hata kabla seva haijafanya kazi yoyote. Aidha, upana wa mawasiliano wa setilaiti ulikuwa ghali mno, na mtoa huduma aliulipia iwe data inaingia au inatoka.

Hapo ndipo hesabu ya mwenye tovuti ilipopinduka. Tovuti iliyowekwa Nairobi, ikisomwa na Mkenya aliyeko Minnesota, ilitumia njia ghali ya kutoka. Tovuti hiyohiyo, ikisomwa na mtu aliye mtaa wa pili lakini aliyeunganishwa na kampuni nyingine ya intaneti, ilitumia njia ghali mara mbili. Kampuni hizo mbili hazikuwa na kiungo kati yao nchini, hivyo ombi lilipanda angani, likashuka ng'ambo, likapanda tena na kushuka Nairobi. Jibu nalo likarudia safari hiyo. Zaidi ya sekunde nzima ilipotea kwa umbali ambao mtu angeutembea kwa miguu. Ikiwa seva ingewekwa Marekani, safari ilikuwa moja badala ya mbili. Kwa hiyo kumweka msomaji wa nyumbani karibu na maandishi yake kulimaanisha, kwa hesabu ya wakati ule, kuyapeleka maandishi hayo mbali.

Jaribio la kuurekebisha mpangilio huo lilifanywa na watoa huduma wa Kenya walipoanzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, mwishoni mwa mwaka 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee juu ya mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwamba kituo hicho kinaingilia haki yake, na Tume ya Mawasiliano ya Kenya ikaamuru kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya mabishano marefu na kupatiwa leseni. Inafaa kusisitiza kwamba kituo hicho hakikupeleka hata herufi moja nje ya nchi. Kazi yake yote ilikuwa kuzuia mawasiliano ya ndani yasiende nje. Mzozo huo unaonyesha kwamba makao ya seva yalikuwa suala la mapato ya shirika la simu kabla hayajawa suala la kiufundi. Tanzania nayo ilijenga vituo vya namna hiyo Dar es Salaam na Arusha katika muongo huo, na polepole kuweka seva nyumbani kukaanza kuwa na mantiki kwa tovuti ambayo wasomaji wake wengi walikuwa nchini.

Umeme ulikuwa kikwazo kingine. Mgao wa mwaka 2006 nchini Tanzania, ulioletwa na ukame uliokausha mabwawa, na ule wa mwaka 2011 ulimkumbusha kila mwenye seva kwamba gharama ya mashine ni pamoja na jenereta, dizeli na betri.

Mashine moja, tovuti mia

Wakati huohuo biashara ya kupangisha seva huko Marekani ilikuwa imebadilika kwa namna iliyoifanya iwe rahisi kupita kiasi. Toleo la 1.1 la itifaki ya HTTP, lililochapishwa Januari 1997, lilikitaka kila kivinjari kitaje jina la tovuti kinayoiomba. Kabla ya hapo, tovuti iliyotaka kutambulika yenyewe ilihitaji anwani yake ya IP. Baada ya hapo mashine moja yenye anwani moja iliweza kubeba mamia ya tovuti, na mpangaji akalipia sehemu ndogo tu ya chumba, kama wapangaji wa nyumba ya Uswahilini wanaochangia ua na bomba.

Katika nyumba ya namna hiyo, mfumo endeshi huchaguliwa na mwenye nyumba. Na mwenye nyumba aliangalia leseni. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haikuwa na ada, wala Apache, programu ya seva iliyotoka mwaka 1995, haikuwa nayo. Ukiongeza hifadhidata ya MySQL na lugha ya PHP, mpangishaji alipata mkusanyiko kamili bila kulipia leseni hata moja. Windows NT, iliyobeba programu yake ya seva, IIS, ililipiwa. Tofauti hiyo ilijitokeza kwenye bei ya mwezi, na mteja wa Arusha aliyetafuta bei ya chini alijikuta kwenye Linux bila kuwahi kulisikia neno hilo.

Wapo waliokwenda upande mwingine, nao walifika huko kwa njia ileile ya kutochagua. Ofisi iliyoajiri mtaalamu aliyejifunza kutengeneza kurasa kwa ASP, teknolojia ya Microsoft ya mwaka 1996, ililazimika kutafuta seva ya Windows. Mfumo endeshi ulifuata lugha ya programu, na lugha ya programu ilifuata kozi ambayo mtaalamu aliweza kuilipia.

Uamuzi usiofanywa kwa kujua huleta matatizo yasiyotambulika asili yake. Mfano mdogo ni majina ya mafaili. Windows haitofautishi Picha.jpg na picha.jpg, bali Linux huyaona kuwa mafaili mawili. Tovuti iliyojengwa kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows na kupandishwa kwenye seva ya Linux ilipoteza picha zake, na mwenyewe akadhani mtandao ndio mbovu. Mfano wa pili unakihusu Kiswahili moja kwa moja. Alama ya ritifaa katika ng'ombe na ng'ambo ndiyo alama ambayo lugha ya hifadhidata huitumia kufungia maneno. Ili kujikinga, PHP ya miaka ile iliweka mkwaju wa kinyume mbele ya kila ritifaa, na programu iliyosahau kuuondoa ilimwonyesha msomaji ng\'ombe. Mpangilio huo uliondolewa katika toleo la 5.4 la mwaka 2012, lakini mikwaju iliyokwisha kuhifadhiwa ilibaki ndani ya hifadhidata, na ingali ikionekana katika kurasa za zamani. Mtafiti wa kongoo anayevuna maandishi kutoka wavuti hana budi kujua kwamba kosa hilo si la mwandishi.

Mjadala wa usalama nao uliathiri mizani. Julai 2001 mnyoo wa kompyuta ulioitwa Code Red uliingia katika mashine zaidi ya 350,000 zenye IIS kwa muda wa siku moja. Wengi walihitimisha kwamba Linux ni salama na Windows si salama. Hitimisho hilo lilikuwa la haraka, kwa maana rekebisho la ufa uliotumiwa lilikuwa limekwisha kutolewa mwezi mmoja kabla; mashine zilizoanguka ni zile ambazo msimamizi wake hakulisakinisha.

Malipo yalikuwa mlango mwingine. Kampuni za Marekani zilitaka kadi ya benki ya kimataifa, ambayo Watanzania na Wakenya wachache walikuwa nayo. Pengo hilo likazibwa na ndugu walio ughaibuni na, zaidi, na wauzaji wa rejareja waliokodi nafasi kubwa ng'ambo na kuigawa kwa shilingi. Mteja aliyemlipa muuzaji Kariakoo aliamini tovuti yake ipo Kariakoo. Jina la kikoa lililoishia na .tz liliimarisha imani hiyo, ingawa jina la kikoa halisemi lolote kuhusu mahali ilipo mashine.

Mikongo ya baharini

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukiteremka Dar es Salaam na Mombasa miongoni mwa vituo vyake. Mwaka huohuo ulifika TEAMS, unaounganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu, na mwaka 2010 ukafuata EASSy. Muda wa safari ya data kwenda Ulaya ulipungua sana, na bei ya jumla ya upana wa mawasiliano ikaanza kushuka.

Ingetarajiwa kwamba seva sasa zingerudi nyumbani. Kilichotokea kilikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja, mikongo iliondoa kikwazo cha bei, na vituo vya data vikajengwa: kituo cha East Africa Data Centre kilifunguliwa Nairobi mwaka 2013, na Tanzania ikajenga kituo chake cha taifa Kijitonyama. M-Pesa, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2007, ilikuwa imekwisha kulitatua suala la malipo kwa wapangishaji wa ndani. Kwa upande mwingine, mikongo ileile iliifanya seva ya Ufaransa au Virginia ionekane kuwa karibu. Msomaji aliyezoea kusubiri hakuona tena tofauti, na sababu iliyobaki ya kuhama ilififia siku ileile uwezo wa kuhama ulipopatikana.

Tena kuhama ni kazi. Microsoft yenyewe, ilipoinunua Hotmail mwishoni mwa mwaka 1997, ilikuta huduma hiyo ikiendeshwa kwa FreeBSD na Solaris, na ilichukua miaka kuihamishia kwenye Windows. Gazeti dogo au jumuiya ya waandishi isingetarajiwa kuwa na wepesi ambao kampuni hiyo haikuwa nao. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, haikuwahi hata kukabiliwa na swali hilo: shirika la Wikimedia lilihamisha makao makuu ya seva zake kutoka Tampa, Florida, hadi Ashburn, Virginia, mwaka 2013, na kwa nyakati mbalimbali likabadili mfumo endeshi kutoka Fedora hadi Ubuntu na baadaye Debian, pasipo wahariri wa Kiswahili kuhitaji kujua.

Kuna hali moja ambayo haikubadilika katika kipindi chote. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hatua hiyo ilimlenga mtumiaji wa kompyuta ya mezani. Seva haikuguswa: amri zake zilibaki na asili ya Kiingereza, na msimamizi Mswahili anaandika kuhusu mfumo, anapolazimika kuandika, kwa lugha ya amri hizo. Ndiyo maana miongozo ya Kiswahili ya kusimamia seva ni adimu, na ujuzi wa fundi huondoka naye anapoacha kazi.

Kalenda ya matengenezo

Mahali ambapo uchaguzi wa dhati ulifanyika ni vyuo vikuu vya kanda. DSpace, programu ya hazina za kitaaluma iliyotolewa na MIT pamoja na HP mwaka 2002, ilikubaliwa na vyuo vingi, vikiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Programu hiyo ni huria, inatumia Java na kwa kawaida hifadhidata ya PostgreSQL, na huwekwa zaidi kwenye Linux. Hapa, kwa mara ya kwanza kwa upana wa namna hii, tasnifu na majarida ya kanda yaliwekwa na taasisi za kanda, chini ya mfumo uliochaguliwa na mafundi wake.

Swali la mafundi hao halikuwa tena Windows au Linux. Lilikuwa Linux ya nani, na itatunzwa hadi lini. Red Hat Linux ya bure ilisitishwa, na matengenezo ya toleo lake la 9 yakakoma Aprili 2004. CentOS, iliyotolewa mwaka huohuo, ilijaza pengo kwa kutoa nakala huria ya mfumo wa kulipia wa Red Hat, na ikapendwa na taasisi zisizo na bajeti ya leseni. Toleo la 8 liliahidiwa matengenezo hadi mwaka 2029. Mnamo Desemba 8, 2020, ilitangazwa kwamba yangekoma mwishoni mwa 2021. Zaidi ya miaka saba ikafutwa kwa tangazo moja.

Rocky Linux na AlmaLinux zilizuka mwaka 2021 kuchukua nafasi hiyo. Wengine wakahamia Debian, ambayo tangu mwaka 1993 haimilikiwi na kampuni, au Ubuntu. Kwa kampuni yenye mafundi wengi lilikuwa jambo la wiki chache. Kwa maktaba ya chuo yenye fundi mmoja anayehudumia pia maabara za wanafunzi na mfumo wa matokeo, lilikuwa jambo la kuahirishwa, na seva isiyopokea marekebisho ya usalama ndiyo iliyoifadhaisha dunia mwaka 2001. Neno "bure" katika uteuzi wa mfumo endeshi lilikuwa limefafanuliwa kwa upande wa leseni pekee. Gharama ya kumwajiri na kumbakiza mtu wa kuutunza haikuingizwa katika hesabu.

Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimeongeza uzito kwa kuweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kwa tasnifu zilizochapishwa athari ni ndogo. Kwa rekodi za mahojiano ya utafiti zilizohifadhiwa pamoja nazo, si ndogo.

Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa wakati mmoja upande wa kusini, karibu na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, na kwa siku kadhaa mawasiliano yalisuasua. Kwa tovuti iliyohifadhiwa ng'ambo hapakuwa na la kufanya ila kusubiri meli ya ukarabati. Kwa tovuti iliyo ndani ya nchi na iliyounganishwa na kituo cha kubadilishana mawasiliano, data haikuwa na haja ya kugusa bahari. Lakini kufikika kwake kulitegemea pia seva za majina, zile zinazotafsiri jina la kikoa kuwa anwani ya IP. Tovuti ambayo mashine yake ilikuwa nchini na seva zake zote za majina ziko nje, kwa kuwa ndivyo kampuni iliyouza kikoa ilivyopanga tangu mwanzo, ilikuwa hatarini kutopatikana hata kwa msomaji aliyeketi katika jengo lilelile.